Julius Maggi: Mwenye kisiagi aliyetaka upike maharagwe bila kumaliza gesi

Tuseme ni saa moja na nusu jioni. Umetoka kazini mjini, ukapiga mguu hadi Ziwani kwa sababu mvua ilianza kunyunya na matatu zikapandisha nauli. Kejani kuna unga, vitunguu viwili na nyanya moja iliyochoka. Mtungi wa gesi umeutikisa, ukajua hautafika wikendi. Hapo ndipo unapoanza ile hesabu ambayo kila kijana anayejipikia Eastlands anaifahamu. Maharagwe makavu ni nafuu, lakini yanataka karibu saa tatu nzima motoni, na moto wenyewe ndio ghali.

Kwa hivyo unabeba bakuli lako (tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku 2017, ukienda mikono mitupu utarudi hivyo hivyo) na kushuka hadi kwa yule mama anayechemsha githeri na maharagwe kando ya barabara. Yeye aliwasha makaa ukiwa bado umelala. Wewe unalipia kikombe tu. Kwa mama mboga unachukua sukuma ambayo tayari imekatwa, na dukani unaitisha kyubu moja ya kuungia mchuzi. Dakika 15 baadaye unakula.

Kuna mtu aliyeifanyia kazi hesabu hiyo ya moto, muda na maharagwe zaidi ya miaka 140 iliyopita, na jina lake unalijua vizuri. Limeandikwa kwenye pakiti za tambi za haraka na kwenye zile kyubu, nyekundu kwa manjano. Ukifika Dakar au Lagos utasikia watu wakiita kyubu yoyote kwa jina lake, jinsi sisi Nairobi tunavyoita kila kiungo cha mchuzi Royco hata kama kimetoka kampuni nyingine. Wengi hudhani Maggi ni neno lililobuniwa na watu wa matangazo. La. Maggi alikuwa mtu, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kusaga unga.

Julius Maggi alizaliwa Oktoba 9, 1846 katika mji wa Frauenfeld, kaskazini mashariki mwa Uswisi. Babake alikuwa mhamiaji kutoka Italia aliyetajirika kwa biashara ya vinu vya kusaga nafaka. Mamake alikuwa binti wa mwalimu wa Zurich. Kama unatarajia kusikia kwamba Julius alikuwa namba moja darasani, pole. Alihamishwa shule hii hadi ile, akapelekwa Basel kujifunza biashara na hakumaliza, akapitia jeshi la farasi, kisha akatumwa Hungary kufanya kazi katika kinu kikubwa cha mvuke kule Budapest. Huko ndiko alikotulia. Alijifunza mashine na soko, akapanda hadi kuwa naibu wa meneja.

Mwaka 1869, akiwa na umri wa miaka 23 tu, akachukua kinu cha babake huko Kemptthal, bondeni kati ya Zurich na Winterthur. Miaka ya kwanza mambo yalikuwa shwari. Halafu reli zikaenea Ulaya na nafaka na unga wa bei ya chini ukaanza kumiminika kutoka nje. Wenye vinu vidogo wakaanza kufunga mmoja baada ya mwingine. Ukiwa na kisiagi mtaani halafu supamaketi ifungue mlango wa pili ikiuza unga wa pakiti kwa bei ya chini kuliko yako, utaelewa alivyohisi. Ilibidi atafute kitu kingine cha kusaga.

Wakati huo Uswisi ilikuwa nchi ya viwanda, hasa vya nguo, na waliojaa humo walikuwa wanawake. Sheria ya viwanda ya 1877 ilikuwa imepunguza siku ya kazi hadi saa 11. Ndiyo, imepunguza. Mama wa kiwandani alitoka alfajiri, akapata mapumziko mafupi ya mchana, akakimbia nyumbani kuwasha moto na kurudi kabla kengele haijalia. Chakula gani kinapikika katika muda huo? Viazi, na kahawa iliyochanganywa na mizizi ya mmea uitwao chikori ili iongezeke. Na kwa wengi, pombe kali iliyotengenezwa kwa viazi hivyo hivyo, kwa sababu ilitia joto na kuzima njaa kwa bei ndogo. Watoto walidhoofika, na watu wazima waliugua tumbo kila mara.

Daktari mmoja aliyaona hayo kwa karibu. Fridolin Schuler alikuwa tabibu katika jimbo la Glarus, lenye viwanda vingi vya nguo, na baada ya sheria ile kupitishwa akawa mmoja wa wakaguzi wa kwanza wa viwanda nchini humo. Mwaka 1882 aliwaeleza wanachama wa chama cha kitaifa cha manufaa ya umma jinsi wafanyakazi walivyokuwa wakila. Nyama hawaimudu, lakini maharagwe, njegere na kamande zina protini nyingi kwa bei ndogo. Tatizo ni mbili: huchukua muda mrefu sana kuiva, na yasipoiva vizuri hulisumbua tumbo. Alichotaka ni mtu wa kuyatengeneza yapikike upesi, yasagike tumboni na yasiwe ghali.

Soma tena mahitaji hayo matatu halafu ufikirie mama wa maharagwe pale Ziwani. Ni yale yale.

Maggi akaichukua kazi hiyo. Alikuwa na mashine, alikuwa na kinu kilichokosa wateja, na naamini pia alikuwa na moyo wa jambo lenyewe, ingawa kwa mfanyabiashara si rahisi kutenganisha huruma na hesabu. Kwa karibu miaka miwili alijaribu kukaanga, kuvukiza na kusaga mikunde ya aina mbalimbali. Mwaka 1884 akatoa unga wa maharagwe, njegere na kamande uliokuwa umeshapitia moto. Ulichohitaji ni maji ya kuchemka na muda mfupi jikoni. Chama kile kikaupendekeza kwa umma, na madaktari wakausifu.

Wafanyakazi je? Hawakuununua alivyotarajia. Unga ulikuwa na kila kitu ambacho daktari alitaka, ila ladha yake ilipooza. Ukirudi nyumbani baada ya saa 11 za kusimama kando ya mashine, hutaki kula ushauri wa daktari. Unataka kitu kitakachokufanya uchovye kijiko mara ya pili. Hapa nadhani Maggi alijifunza jambo ambalo watu wengi wanaotaka kuwalisha maskini hawajalielewa hadi leo. Mtu asiye na pesa ana ulimi kama wa tajiri, na chakula cha bei ndogo kisichopendeza atakiacha sahanini.

Basi akageukia ladha. Mwaka 1886 alitoa supu kavu za njegere na maharagwe zilizokwisha kuungwa, na mwaka huo huo akatoa kitu kilichompa umaarufu wa kweli: kiungo cha maji cheusi, cha kudondosha matone machache kwenye sufuria. Alichukua protini ya mimea akaivunjavunja kwa asidi hadi ikatoa vipande vidogo vyenye ladha nzito kama ya mchuzi wa nyama. Kisha ile asidi ikatulizwa, na katika kutulizwa huko ikazaliwa chumvi. Ndani hapakuwa na nyama hata chembe.

Ili uone ukubwa wa jambo hilo, jua kwamba kabla yake sifa zote zilikuwa za mwanasayansi Mjerumani, Justus von Liebig. Dondoo lake la nyama lilitengenezwa Uruguay kuanzia miaka ya 1860, na kilo moja ilihitaji takriban kilo 30 za nyama. Ilikuwa bidhaa nzuri, lakini mke wa mfanyakazi angeipatia wapi? Matone ya Maggi yalitoka shambani, si machinjioni. Maji ya viazi yakaanza kunukia Jumapili.

Lakini pia ona kilichopotea njiani. Unga wa 1884 ulikuwa chakula: ulishibisha na kujenga mwili wa mtoto. Matone ya 1886 hayamshibishi mtu. Ni ladha, na ladha inapendeza hata juu ya sahani isiyo na kitu. Maggi hakuacha kuuza supu za mikunde, na zilimletea pesa, ila chupa ndiyo iliyokimbia kuliko zote. Alianza akitaka kuwapa wanawake wa viwandani maharagwe, na walichokubali kwa moyo wote ni harufu ya nyama. Sidhani alikuwa na nia ya kumdanganya mtu, na kwa kweli kama ungekuwa wewe na nyumba yenye viazi tu, ungemshukuru.

Biashara ilikua kwa kasi. Chupa yenyewe, ile ya kahawia yenye mabega mapana na karatasi ya manjano na nyekundu, aliichora kwa mkono wake mwaka 1887. Mwaka huo alifungua tawi Ujerumani, katika mji wa Singen karibu na mpaka. Alielewa mapema kwamba bidhaa isiyosemwa haiuziki, hivyo akaanzisha ofisi ya matangazo na kumwajiri kijana wa miaka 22 aliyekuwa amegombana na babake na kuishiwa kabisa. Kijana huyo aliandika visa na vishairi vya kusifu supu kwa miezi kadhaa, akachoka, akaondoka. Jina lake lilikuwa Frank Wedekind, na baadaye akawa mmoja wa waandishi wa tamthilia wanaosomwa zaidi kwa Kijerumani. Kwa hivyo wewe unayeandika kapsheni za biashara za watu Instagram ili ulipe kodi ya nyumba, jua hukuanza wewe.

Kemptthal ikageuka kutoka kinu hadi mji wa kiwanda. Maggi alinunua mashamba kandokando ili mboga za supu zikuzwe pale pale. Aliwajengea wafanyakazi nyumba, akaweka kantini, mfuko wa matibabu na pensheni, na akawapa mapumziko ya Jumamosi wakati waajiri wengi hawakutaka hata kulisikia wazo hilo. Sisi tunaojua historia ya mitaa yetu huwa tunaguna kidogo tukisikia tajiri amewajengea wafanyakazi nyumba. Ziwani yenyewe, kama Kaloleni na Shauri Moyo, ilijengwa enzi za mkoloni ili Waafrika waliohitajika kazini mjini wapate pa kulala, na ukubwa wa vyumba unakuonyesha walivyothaminiwa. Nyumba ya mwajiri humsaidia mfanyakazi na humfunga pia. Lakini kantini ni kantini, na pensheni mwaka ule haikuwa mchezo.

Halafu ikaja 1908, mwaka wa kyubu. Wazo lenyewe ni dogo kama kitu chenyewe: kausha ladha ile, changanya na chumvi na mafuta, igandamize, ifunge kwa karatasi. Haimwagiki wala haihitaji chupa, na unaweza kununua moja tu. Tunavyonunua mafuta ya kupikia ya kupimiwa, sukari ya robo na sabuni ya kipande, tunaita uchumi wa kadogo, na tunafikiri ni mambo yetu ya Gikomba na Kariokor. Kumbe kuna mtu Uswisi alikuwa ameshajua kwamba mwenye pesa ya leo tu humuuzia cha leo tu. Mwaka huo huo, huko Tokyo, mkemia Kikunae Ikeda alifaulu kuitenga glutameti kutoka kwa mwani na kueleza ni nini hasa kinachotoa ile ladha ya nyama. Maggi alikuwa amekwisha kuiuza kwa zaidi ya miaka 20 bila kuijua kwa jina.

Miaka yake ya mwisho aliishi zaidi Paris, alikohamia mwanzoni mwa karne ya 20. Huko aliingia katika biashara ya maziwa. Maziwa ya mjini wakati huo yalikuwa hatari, yakiua watoto wachanga, naye akaleta yaliyopasteurishwa na kuyauza katika maduka yake mengi. Wauza maziwa wa zamani hawakufurahi. Magazeti ya wazalendo wakali, hasa la Action française, yakaanza kumpiga vita: kwamba ni Mjerumani, ni Myahudi, ni jasusi. Hakuwa lolote kati ya hayo. Alikuwa Mswisi, mtoto wa Mwitaliano. Lakini uvumi haujali cheti cha kuzaliwa, na sisi tunaosoma grupu za WhatsApp msimu wa uchaguzi hatuna haja ya kuelezwa zaidi.

Mwaka 1912 akapatwa na kiharusi akiwa Paris. Wakamrudisha Uswisi, na akafariki Oktoba 19 huko Küsnacht, kando ya ziwa la Zurich, siku kumi baada ya kutimiza miaka 66. Hakuuona mwisho wa uvumi ule. Vita vilipozuka Agosti 1914, umati wa Paris ulivunja na kupora maduka ya maziwa yenye jina lake, na mabango ya kyubu zake yakang'olewa barabarani kwa sababu watu waliamini yamebeba alama za siri za kuwaongoza wanajeshi wa Ujerumani. Mwaka 1947 kampuni ikaungana na Nestlé. Tambi za haraka unazozijua wewe zilikuja miongo mingi baada ya kifo chake, kwa hivyo ukizichoka, si kosa lake.

Sasa turudi kwa sufuria yako. Alichokiacha Maggi utakikuta Ziwani kimegawanyika mara mbili, kila nusu na mwenyewe. Dukani utapata ladha. Kwa yule mama utapata kile alichokitaka kwanza kabisa: maharagwe yaliyokwisha kuchemshwa, kwa bei ya mtu anayelipwa kwa siku. Mtu akichukua kyubu akaacha maharagwe, akapika unga na sukuma na maji yanayonukia nyama kila siku, anarudi pale pale kwa wanawake wa Glarus na viazi vyao. Ukichukua vyote viwili, umemaliza kazi ambayo Schuler aliiomba mwaka 1882.

Namna ninavyofanya mimi ni hivi. Kaanga kitunguu hadi kibadilike rangi, tia nyanya na uiache iive kabisa kabla ya kitu kingine. Mwaga maharagwe ya mama pamoja na supu yake, ponda machache kwa mwiko ili mchuzi ushikane. Kyubu iwe nusu, na chumvi usiguse. Geuza karatasi yake usome: viungo hupangwa kwa uzito, na mara nyingi utakuta chumvi ndiyo ya kwanza. Katika kyubu nyingi chumvi hufika karibu nusu ya uzito wote, na Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidishe gramu tano kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai. Ukitia kyubu nzima halafu chumvi juu yake, umekula ya kesho.

Na kama ni kuchemsha mwenyewe, loweka usiku kucha, mwaga yale maji, kisha mkusanyike wawili watatu wa ploti mchemshe sufuria moja kubwa wikendi kwa makaa, mgawane gharama. Usijaribu kupunguza muda wa moto. Maharagwe mekundu yasiyoiva vizuri yana sumu ya asili inayotapisha vibaya, na kuchemka kwa nguvu ndiko kunakoiua.

Lakini jioni kama hii, yenye mvua na mtungi mwepesi, ni heri bakuli na miguu. Fika kabla ya saa mbili. Wenye vibanda vya jua kali hufunga kazi na kupitia pale, na mama hawekei mtu. Ukichelewa utapata supu tupu.